Kutoka Kopo la Rangi hadi Kalibu: Msanii wa Mtaani Anapogeukia Sanamu

Mwaka 2004, Banksy, msanii asiyejitokeza kwa jina lake halisi, alisimamisha sanamu kubwa kwenye kiwanja kidogo pembeni mwa Shaftesbury Avenue, katikati ya London. Ilikuwa kejeli kwa "The Thinker", kazi maarufu ya Rodin, mtengeneza sanamu wa Ufaransa: yule mwanamume aliyeketi uchi, kidevu kimeegemea mkono, amezama katika fikra. Wa Banksy ameketi vivyo hivyo, ila anaonekana kalemewa na kinywaji, na kichwani kavikwa koni ya barabarani, zile zinazowekwa penye mashimo. Aliiita "The Drinker", Mnywaji. Hakuomba kibali cha mtu. Haukupita muda mrefu, kundi likaja na lori, likaipakia, likaenda nayo, kisha likamtaka mwenyewe alipe ndipo arudishiwe.

Je, huo ni wizi? Usijibu haraka. Kitu kimeachwa barabarani, kwenye ardhi isiyo ya aliyekiacha, na mtu anayejificha. Aliyekichukua alijitetea kuwa kaokota kilichotupwa. Mchoro wa ukutani hauzushi ubishi wa namna hii kirahisi, kwa kuwa ukuta una mwenyewe na rangi imeng'ang'ania ukuta. Kuna kuta zilizokatwa kwa msumeno zikauzwa, ni kweli, lakini hiyo ni shughuli ya mafundi, vumbi na majirani wanaochungulia. Sanamu inabebeka. Nataka tulifuate jambo hilo dogo, kwamba inabebeka, maana linaeleza kwa nini wasanii wa mtaani wanahamia kwenye sanamu za majumba ya sanaa kuliko maneno mengi yanayosemwa juu yao.

Na husemwa mawili. Wa kwanza anasema: kajiuza, jana alikuwa anakimbizana na polisi, leo anapeana mikono na matajiri. Wa pili anasema: kakua, kaacha utundu na sasa anafanya sanaa ya kweli. Wanaonekana kupingana, kumbe wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba mpaka ni mlango wa jumba la sanaa. Nje ni huku, ndani ni kule. Mimi mpaka nauona kwingine, kwenye hesabu. Nakala za kazi ziko ngapi? Nani kaamua ziwe hizo? Daftari la kuzihesabu liko kwa nani?

Kabla ya kuendelea, kuna neno linalotuponza. Kiswahili kinamwita kila mtengeneza sanamu mchongaji, na kuchonga ni kupunguza: una gogo au jiwe, unaondoa kisichotakiwa. Wengi wa wasanii hawa hawachongi kitu. Wanakata mabamba ya chuma na kuyachomelea, au wanafinyanga mfano mdogo ambao mafundi wataukuza na kuusubu. Kusubu, kwa aliyelisahau neno hili zuri, ni kumimina madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu. Mchongaji hasa miongoni mwao ni mtu kama Vhils, Mreno aitwaye Alexandre Farto, anayechimba sura za watu kwenye plasta ya kuta kwa patasi, nyundo na drili. Mwaka 2008 kazi yake ilionekana kwenye Cans Festival, tamasha ambalo Banksy aliliandaa katika handaki la Leake Street, London. Kwa kuwa ukuta haupiti mlangoni, kwa maonyesho ya ndani Vhils alihamia kwenye milango ya mbao iliyochakaa na matabaka ya mabango yaliyobandikwa juu ya mabango. Yaani alijitafutia ukuta unaobebeka.

Chaki, halafu chuma

Keith Haring, msanii Mmarekani, alifika New York mwaka 1978 kusoma kwenye chuo cha sanaa cha School of Visual Arts. Kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi kulikuwa na kitu ambacho maelfu ya abiria walikipita kila siku bila kukitazama mara mbili: tangazo likimaliza muda wake kabla jingine halijapatikana, fremu ilifunikwa kwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Siku alipoitambua, alipanda ngazi hadi juu, akanunua chaki nyeupe, akashuka tena. Kuanzia 1980 hadi 1985 alichora kwenye karatasi hizo, siku nyingine hata michoro 40.

Jaribu kufikiria kazi yenyewe. Chaki juu ya karatasi nyeusi haina msamaha. Ukikosea na kufuta, unabaki na doa la kijivu. Treni inakuja, watu wanasimama nyuma yako wanauliza unafanya nini, na askari anaweza kutokea wakati wowote, kama alivyotokea mara kadhaa. Kwa hiyo mstari ni mmoja, mnene, usiorudiwa. Hakuna kivuli, watu hawana nyuso, mbwa ni pembe chache na mdomo uliofunguka. Mtindo ambao baadaye dunia nzima iliutambua kwa mbali haukutokana na nadharia yoyote. Ulitokana na haraka.

Jina likaanza kukua. Mwaka 1982 akawa na maonyesho makubwa kwa Tony Shafrazi, mwenye jumba la sanaa hapohapo New York. Na kule chini, michoro ikaanza kutoweka. Watu walikuwa wakiibandua kutoka kwenye fremu na kwenda kuiuza. Haring mwenyewe alilitaja hilo alipoeleza kwa nini aliacha kuchora vituoni. Huwa nashangaa jinsi sehemu hii ya hadithi inavyorukwa. Tunaambiwa soko lilimvuta msanii kutoka mtaani, ilhali soko lilishashuka ngazi za kituo kumfuata kabla hajapanda, na lilikuja na wembe wa kubandulia karatasi.

Mwaka 1985, mwaka uleule alioiacha chaki, Haring alionyesha sanamu zake za chuma kwenye jumba la Leo Castelli. Hakuzitengeneza kwa mikono yake. Zilitengenezwa na Lippincott, karakana ya Connecticut ambayo tangu miaka ya 1960 ilikuwa ikiwafanyia wasanii kazi za chuma ambazo mtu mmoja hawezi kuziinua, akiwemo Claes Oldenburg na Barnett Newman. Yeye alileta maumbo aliyoyakata, mafundi wakayakuza, wakakata mabamba, wakayaunganisha, zikapakwa nyekundu, njano, buluu.

Ukiisimamia moja ya sanamu hizo kwa mbele, unaona mchoro wa Haring uleule, mtu ananyoosha mkono, mbwa anabweka. Sasa anza kuizunguka. Kila hatua inakonda. Mkono unakuwa mwembamba, kichwa kinakuwa ufito, hadi ukifika ubavuni unabaki na ukingo wa bamba tu, unene wa vidole vichache. Mstari wa chaki umekuwa makali ya chuma. Wapo waliolalamika kwamba hiyo si sanamu kamili, ni karatasi iliyosimamishwa. Mimi naona hapo ndipo alipopatia. Hakujifanya mfinyanzi. Alichukua alichokijua, mstari, akakipa miguu.

Tena chuma kilimrudisha nje. Mwaka 1987, kwenye maonyesho ya sanamu ya Münster, Ujerumani, aliweka mbwa mwekundu wa chuma. Picha iliyochorwa kwenye turubai haiwezi kufanya hivyo. Inahitaji paa, misumari na mtu wa kuzuia watu wasiiguse. Sanamu inavumilia mvua, inapandwa na watoto, na mpita njia analazimika kuizunguka. Kama kuna aina ya kazi ya ndani iliyo ndugu wa karibu wa mchoro wa mtaani, basi ni hii, kuliko picha yoyote iliyotundikwa.

Turubai lilikuwa jaribio la kwanza

Hilo la turubai linahitaji neno, kwa sababu ndilo lililotangulia na ndilo lililowapa wengi jina baya. Jumba la sanaa la Fun Gallery lilifunguliwa New York mwaka 1981, na Desemba 1983 jumba la Sidney Janis, lililozoea kuuza majina makubwa ya karne ya 20, likaandaa maonyesho yaliyoitwa "Post-Graffiti". Waandishi wa treni, waliokuwa wakipuliza majina yao kwenye mabehewa (hivyo ndivyo walivyojiita, waandishi), walipewa turubai wafanye walichokuwa wakifanya kwenye mabehewa.

Tatizo ni kwamba behewa lina urefu unaozidi mita 15, linakuja kwa kishindo, linakaa mbele yako sekunde chache, linaondoka na jina la mtu kuelekea upande mwingine wa jiji. Ukikata kipande chake cha mita moja na nusu na kukitundika kimya kwenye ukuta mweupe, umechukua rangi na kuacha kitu chenyewe relini. Wanunuzi walifurahi kwa misimu michache, kisha wengi wao wakageukia kwingine.

Waliotoka salama zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waliogundua kwamba herufi zao hazikuwahi kuwa bapa. Angalia jina lililoandikwa kwa mtindo ule mgumu wa New York: herufi zimesukana, mishale inatoka kwenye A na kupita chini ya R, kila moja ina ubavu wake na kivuli chake kana kwamba jua liko upande fulani. Mwandishi amekuwa akifikiria ujazo muda wote, ila alikuwa hana zaidi ya kopo la rangi. Carlos Rodriguez, aliyekuwa akiandika Mare139 kwenye treni, tangu miaka ya 1980 alianza kuzitoa herufi hizo hewani kwa chuma; sanamu ya tuzo za BET, televisheni ya Marekani, zilizoanza mwaka 2001 ni kazi yake. Huko Amsterdam, Boris Tellegen, aliyeandika Delta, alikuwa amesomea usanifu wa bidhaa za viwandani mjini Delft. Herufi zake zilifanana na mashine iliyofunguliwa, kila kipande kikielea karibu na mahali pake. Alipoanza kuzijenga kwa mbao na kadibodi, alikuwa anamalizia sentensi.

Kinachotokea kwenye kalibu

Njia iliyozoeleka zaidi ya sanamu ya thamani bado ni shaba, ile iliyochanganywa na bati kidogo au, siku hizi, silikoni. Mbinu yenyewe ina maelfu ya miaka, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu hesabu inazaliwa ndani yake.

Msanii analeta mfano wa udongo, au siku hizi faili la kompyuta linalochapwa kwa printa ya 3D. Mafundi wanaufunika kwa mpira laini wa silikoni, na juu ya mpira wanaweka ganda gumu la plasta au faiba ili usilegee. Wakiufungua wanabaki na kalibu mama, iliyonakili hadi alama ya kidole iliyosahaulika kwenye udongo. Ndani yake wanamwaga nta iliyoyeyuka na kuizungusha, wanaacha tabaka jembamba la milimita chache, wanamimina iliyobaki. Nta ikipoa wanaitoa, na sasa kuna sanamu ya pili, nyepesi, yenye uwazi ndani.

Nta hiyo inasafishwa kwa visu vya moto, mshono wa kalibu unasawazishwa, na vijiti vya nta vinaunganishwa mwilini kama matawi. Hivyo vitakuwa mifereji ya madini kuingia na hewa kutoka. Kisha inachovywa kwenye uji wa seramiki, inanyunyiziwa mchanga laini, inakaushwa, inachovywa tena, mara nyingi zaidi ya sita, mpaka inavaa gamba gumu. Gamba likiingia kwenye tanuri, nta inayeyuka na kukimbia. Ndani hakuna kitu tena ila nafasi yenye umbo la sanamu. Hapo ndipo shaba inapomiminwa, ikiwa kwenye joto la nyuzi 1,100 au zaidi. Ikipoa inasinyaa kidogo, asilimia moja au mbili, kwa hiyo shaba huwa ndogo kuliko udongo uliotangulia. Gamba linavunjwa kwa nyundo, mifereji inakatwa, vipande vya sanamu kubwa vinachomelewa, mishono inasagwa isionekane, na rangi inapikwa juu ya shaba kwa dawa na moto wa gesi.

Kumbuka kilichopotea na kilichobaki. Nta imeyeyuka, gamba limevunjwa, vyote hivyo ni vya mara moja. Kalibu mama ya mpira ipo rafuni. Unaweza kumwaga nta nyingine kesho, na nyingine mwezi ujao, hadi mpira uchoke. Hakuna kitu katika ufundi kinachosema sanamu ziwe 3, 8 au 80. Yupo mtu anayesema.

Nane na nne

Mtaani idadi haikuwa juu ya msanii. Alichora kadiri alivyoweza na jiji likafuta kadiri lilivyoweza. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kazi zilizobaki, na hakuna aliyeijua kwa siku yoyote. Mwenye stensili moja, yaani bamba lililokatwa umbo la kupulizia rangi, angeweza kupuliza panya yuleyule kwenye kuta 50, wala hakuna aliyeuliza ni yupi wa asili.

Shaba inadai jibu. Ufaransa imelipanga kwa namba: sanamu iliyosubiwa inahesabiwa kuwa ya asili hadi nakala 12, yaani 8 zenye namba, kuanzia 1/8 hadi 8/8, na 4 za msanii, zinazoandikwa kwa namba za Kirumi. Baada ya hapo ni nakala tu, hata kama kalibu ni ileile na fundi ni yuleyule. Desturi ya 8 na 4 imeenea mbali nje ya Ufaransa kwa sababu wanunuzi wameizoea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda heshima ya kazi za sanaa ina mstari wake mwingine: sanamu inalindwa ikiwa ni moja tu, au nakala zisizozidi 200 zilizotiwa namba na alama ya msanii. Kumi na mbili hapa, mia mbili pale. Hiyo inatosha kukuonyesha kwamba uasili wa sanamu ni makubaliano.

Hata Banksy alipomcheka Rodin hakucheka kitu kimoja. "The Thinker" ya ukubwa kamili iko duniani mara zaidi ya 20, nyingine zikiwa zimesubiwa Rodin akiwa kaburini, kwa idhini ya jumba la makumbusho alilolirithisha kazi zake na haki zake.

Aliyeielewa hesabu hii mapema kuliko wote ni KAWS, Brian Donnelly, mzaliwa wa Jersey City. Miaka ya 1990 alikuwa akifungua masanduku ya vioo kwenye vituo vya basi vya New York, anachomoa bango la tangazo, anaenda nalo nyumbani, anamchorea mwanamitindo kiumbe wake mwenye kichwa cha fuvu na macho ya X, kisha analirudisha mahali pake kana kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyolichapa. Unajua kilichofuata. Mabango yakaanza kuibwa, mwishowe hata hayakai.

Mwaka 1999 alienda Japani, na pamoja na duka la Bounty Hunter akatoa mwanasesere wa plastiki aliyeitwa Companion, nakala 500, zikaisha. Tazama mpangilio ulivyopinduka. Haring alianza na michoro isiyohesabika, akafika kwenye sanamu zinazohesabika. KAWS alianza sanamu zake na namba ikiwa imeshaandikwa kwenye boksi, halafu ndipo umbo likakua: faiba, shaba, mbao, bustani ya Yorkshire Sculpture Park nchini Uingereza mwaka 2016, na mwaka 2019 Companion wa kujazwa hewa, urefu wa mita 37, akielea chali kwenye bandari ya Hong Kong. Umbo hilohilo limetoka pia kwa toleo lisilo na kikomo, la bei ambayo kijana anaweza kuikusanya. Kwa hiyo kiumbe mmoja anaishi kwenye madaftari matatu: la wachache, la mia tano, na la yeyote anayetaka. Bei hazifuati ukubwa wala kazi ya mikono. Zinafuata daftari.

Haring aliligusa hilo kwa njia yake alipofungua Pop Shop mwaka 1986 na kuuza fulana na beji huku sanamu zake zikiwa kwa Castelli. Alitukanwa kwa ajili ya beji. Sikumbuki nimesoma aliyemtukana kwa ajili ya sanamu, ingawa sanamu ndizo zilizowafungia nje wasio na pesa.

Nani analipa, nani anamiliki

Kopo la rangi ni gharama ya mtu mmoja. Kalibu siyo. Kwa desturi iliyozoeleka, msanii na jumba la sanaa hugawana nusu kwa nusu bei ya kazi iliyouzwa, lakini kwenye sanamu gharama ya kutengeneza hutolewa kwanza, aghalabu ikiwa imetangulizwa na jumba. Tuchukue mfano wa kubuni. Sanamu inauzwa dola 100,000, kuisubu kumekula 20,000. Inabaki 80,000, kila upande 40,000. Sasa mkataba ukiwa umeandikwa vibaya, ugawe kwanza halafu gharama itoke upande wa msanii, atabaki na 30,000. Sentensi moja imempotezea dola 10,000 kwa kila nakala, mara nane.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni wa fani hii. Toleo la 8 halimaanishi kwamba nane zipo. Mara nyingi inasubiwa moja au mbili kwa ajili ya maonyesho, na nyingine zinasubiri wanunuzi. Ukinunua namba 5/8 huenda bado ni mpira rafuni. Hakuna udanganyifu hapo mradi daftari liwe safi, ila ndiyo maana daftari ni kila kitu, na ndiyo maana msanii anayetoka mtaani, aliyezoea kutoandika chochote kinachoweza kusomwa mahakamani, ghafla anahitaji karani.

Sheria nayo inamtazama kwa jicho jingine. Mwenye ukuta amekuwa na nguvu siku zote, ingawa si bila mipaka. Huko Queens, New York, kulikuwa na kiwanda cha zamani kilichoitwa 5Pointz, kuta zake zote zimejaa kazi zilizopigwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Novemba 2013 mwenyewe alizipaka rangi nyeupe usiku ili ajenge nyumba za ghorofa. Wasanii 21 walishtaki chini ya ileile sheria ya 1990, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Uamuzi ulithibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2020. Ruhusa ndiyo iliyowabeba. Aliyechora bila kibali angekuwa na kesi ngumu mno. Sanamu haina mgongano huo. Kazi na kinachoibeba ni kitu kimoja, na msanii anaanza akiwa mwenye mali.

Ikiuzwa tena baadaye, kuna nchi zinazomkumbuka. Ufaransa tangu 1920, na baadaye Umoja wa Ulaya wote pamoja na Uingereza, zinampa msanii asilimia ndogo kila kazi yake inapobadilisha mikono kupitia wafanyabiashara, na ukomo wake Ulaya ni euro 12,500. Marekani, mahali sanaa hii ilipozaliwa, haina haki hiyo. Mchoro wa chaki uliobanduliwa kituoni haukumletea Haring hata senti.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya sanamu ya namna hii, inama. Karibu na unyayo, au nyuma ya kisigino, utakuta alama tatu ndogo zilizogongwa kwenye shaba: mhuri wa karakana, namba ya nakala, na jina la msanii. Jina hilo mara nyingi ni lilelile alilokuwa akiliandika kwa urefu wa behewa, sasa lina urefu wa kucha. Kwangu hapo ndipo mahali pa kutazama kwa muda, kuliko usoni.

Na yule Mnywaji? Baada ya miaka mingi ya kupita mikononi mwa watu, huku akiibwa tena kwa aliyemwiba, Novemba 2019 aliingia kwenye orodha ya mnada wa Sotheby's, London, akikadiriwa kufika pauni milioni moja. Shirika linalothibitisha kazi za Banksy lina msimamo wa kutotoa cheti kwa kazi alizoziacha mtaani. Mnada ukakaribia, na muda mfupi kabla haujaanza sanamu ikaondolewa kwenye orodha.